Ule Mstari wa Juu

Meneja wa kiwanda aliirudisha grafu yangu ya nguo zinazoharibika kila wiki mara sita, na mara zote sita hakuigusa mistari yenyewe. Shida yake ilikuwa ufunguo, kile kisanduku kinachoeleza rangi ipi ni ya kitengo kipi. Kimefunika mistari, kitoe nje. Kina fremu kama picha ya marehemu, iondoe. Majina nayo yafuate mwendo wa nguo: ukataji, ushonaji, vifungo, pasi. Macho yakiniwaka, nikayaandika majina yote manne kwa mkono kwenye programu yangu ya Python, nikampelekea. Safari hii akaridhika. Kitengo chenye mstari wa juu, yaani kinachoharibu nguo kuliko vyote, kingefungwa Jumatatu. Ufunguo ulisema pasi.

Habari haikukaa ofisini hata nusu saa. Mchana wifi yangu, mshona vifungo, akaja na sahani yake na umbea wake. Anaishi kwangu na wanawe watatu tangu tumzike kaka. Nyumba imejaa mpaka viatu vinalala nje, nami napenda hivyo. Akasimulia jinsi watu wa pasi wanavyolia huko chini, maskini, na yeye alivyopumua baada ya wiki mbili za tumbo joto. Kisha akaiinamia skrini.

“Wifi, mbona pasi wamegusa sifuri wiki ya tatu?”

Nikamwambia labda hawakufanya kazi.

“Thubutu. Walipiga pasi nguo za viporo wiki nzima, jasho likiwatoka. Waliokaa ni sisi, mashine zilikufa. Si ndiyo nilikusuka nywele humu humu?”

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshafungua programu. Mistari ilichorwa kialfabeti, pasi kwanza, vifungo mwisho. Majina niliyapanga kwa mwendo wa nguo. Kila mstari ulibeba jina la mwenzake. Ule wa juu ulikuwa wa vifungo.

Nikamgeuzia skrini.

“Wifi, huo si mstari wa pasi.”

Aliangalia rangi, akaangalia jina, akaniangalia mimi. Kijiko kikabaki hewani. Si mtu wa kuelezwa mara mbili.

“Nani mwingine anajua?”

“Mimi na wewe.”

Akafunika sahani, chakula hakijafika hata nusu.

“Rekebisha sasa hivi,” akasema, “kabla sijakuomba usirekebishe.”

Nikafuta yale majina ya mkono, nikaacha kila mstari ujitaje wenyewe, nikamwandikia meneja kwamba kosa ni langu. Alijibu upesi: sawa, ila kisanduku kisogee kulia kidogo.

Nikakisogeza.