Asumini ya Bi Aziza

Mwasiti alikuwa na uchovu usioisha kwa kulala. Aliamka nao alfajiri, akaswali nao, akajitwika mtungi nao, akapanda nao tena ule mteremko kutoka ziwani huku maji yakimchuruzikia shingoni. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimekausha kila kitu pale Rumonge, hata makuti ya michikichi yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Maji ya kwanza yalikuwa ya kupikia. Yaliyofuata yalikuwa ya kumwogeshea mgonjwa. Na alipokwisha hayo, kiuno kikiwa kinamlalamikia, alishuka tena ziwani kuteka maji ya kunyweshea mwasumini.

Mwasumini huo ulikuwa umetambaa kwenye ukuta wa nyumba ya mke mwenzake, Aziza, ukaziba dirisha na kupanda mpaka kwenye nyasi za paa. Mji mzima waliuita asumini ya Bi Aziza. Miaka yote, jioni ikifika, Aziza alichuma matumba yake, akayatunga kwenye uzi, akayazungushia nywele. Amuri, mume wao, akirudi kutoka barazani aliipata harufu kabla hajafika mlangoni, akaanza kutabasamu peke yake njiani. Mwasiti alimwona mara nyingi akitabasamu hivyo. Yeye alikuwa jikoni, mikono yake imo ndani ya mawese mpaka viwiko, akikamua chikichi.

Kilichomuuma hasa ni kwamba mwasumini ule aliuleta yeye. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, wakiwa hawana kitu, Amuri alimsimulia jinsi alivyoachwa Ujiji akiwa kijana mpagazi, mguu umeoza kwa kidonda, amelala nje ya ukuta wa nyumba ya Mwarabu mmoja. Hakuna aliyemtazama. Lakini usiku harufu ya asumini iliruka ule ukuta ikamfikia, na Amuri akaapa kwamba akipona, naye atakuwa na nyumba, na nyumba hiyo itanukia hivyo mpaka wapita njia wageuze shingo. Mwasiti aliyasikiliza maneno hayo akayaweka moyoni. Alipokwenda Ujiji kumzika mama yake, alirudi na kipande cha mwasumini kimefungwa ndani ya gome bichi la mgomba. Alikipakata ndani ya mtumbwi safari nzima, akikinyunyizia maji ya ziwa kama anayelea mtoto. Aliupanda, ukashika. Ulipotoa maua ya kwanza alitunga kidogo akavaa. Amuri akamsogelea, akanusa, akacheka.

"Mama Mariyamu," alisema, "mawese na asumini havikai pamoja."

Alisema kwa utani. Mwasiti naye alicheka. Lakini hakuvaa tena, na Aziza alipoolewa, nyumba yake ilijengwa pale pale penye ule mwasumini.

Sasa Aziza alikuwa na malale. Yalianza kwa homa na kuumwa kichwa, yakaja na uvivu ambao Mwasiti aliudhania ni deko, mpaka siku Aziza aliposinzia tonge likiwa mkononi. Walimpeleka kwenye kambi ya wagonjwa, kwa daktari Mdachi, yaani Mjerumani, akashikwashikwa shingo kutafutwa vijitezi, akadungwa sindano, akarudi nyumbani. Kwa muda alichangamka. Kisha usingizi ukamrudia, akawa analala mchana kama mtoto mchanga na usiku anatazama dari. Wapishi wa kumpikia hakuna, wa kumgeuza hakuna. Mariyamu, binti pekee wa Mwasiti, alikuwa ameolewa mbali, na Aziza hakujaliwa kuzaa. Basi mke mkubwa akawa mwuguzi wa mke mdogo.

Amuri alikuwa mchuuzi wa mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Siku alipoondoka kwenda Magara kununua ndagala kavu, alisimama kizingitini kwa Aziza, akamtazama alivyolala, macho yakamlegea.

"Mama Mariyamu, usiuache mwasumini ukakauka," alisema. "Na kila asubuhi umwekee maua karibu na kichwa. Akizinduka akasikia ile harufu yake, moyo wake utarudi."

"Nimesikia, Baba Mariyamu," alijibu Mwasiti. Alikuwa ameshika mtungi hata wakati ule.

Ndiyo hivyo, akateka, akanywesha, akachuma, akaweka. Asubuhi moja aliingia na sahani ya maua mabichi, akainama kuiweka karibu na mto, akasikia sauti nyembamba.

"Yaya, toa."

Aziza alikuwa amefumbua macho, na macho yalikuwa safi kama ya zamani. Tangu aolewe alimwita Mwasiti yaya, yaani dada mkubwa, hata siku walizogombana.

"Nitoe nini, mdogo wangu?"

"Hayo maua. Yananiumiza kichwa."

"Ni asumini yako, Aziza. Iko asumini tu."

"Najua. Kichwa kinaniuma na hiyo asumini tangu nilipokanyaga nyumba hii."

Mwasiti alikaa chini taratibu, sahani ikiwa mapajani. Alifikiri ni ugonjwa unaosema, maana wenye malale husema ovyo. Lakini Aziza alimtazama bila kupepesa.

"Na kutunga kule kila jioni?" Mwasiti aliuliza. "Na kuvaa?"

"Ningefanya nini, yaya? Nililetwa humu nikaambiwa nyumba yako ndiyo hii na maua yako ndiyo haya. Muke mugeni atakataa? Nikavaa. Akafurahi. Nikavaa tena. Nikilala na yale maua kichwani mpaka asubuhi nilikuwa nataka kutapika."

Hasira ilimpanda Mwasiti kwanza. Aliiona mitungi yote ile, mteremko wote ule, miaka yote ile aliyokaa jikoni akiinusa harufu ya furaha ya mwenzake, kumbe furaha yenyewe ilikuwa kipandauso. Alitaka kusema neno kali. Kilichomtoka kikawa kicheko. Alicheka mpaka sahani ikampinduka, maua yakamwagika mkekani, na Aziza naye akacheka, kicheko chepesi cha mtu asiye na pumzi, mkono umekandamiza ubavu.

"Wallahi, Aziza! Na mimi nilikuwa nakuonea wivu."

"Na mimi nilikuonea wewe," alisema Aziza. "Uliruhusiwa kunuka mawese."

Walipotulia, Mwasiti alimpa uji kidogo, akamfuta mdomo.

"Basi wewe unapenda ua gani?" aliuliza. Hakuwahi kumuuliza jambo kama hilo. Wake wenza huulizana chumvi iko wapi, zamu ya nani.

Aziza hakufikiri. "La boga."

"La boga? Lile la njano la shambani?"

"Lile lile. Kwetu Manyema bibi yangu alikuwa haoni vizuri, basi mimi ndiye nilikuwa macho yake. Asubuhi umande haujakauka ananituma kuchuma maua ya boga ya kupika, lakini nichume madume tu, yasiyozaa. Nikikosea nikaleta jike lenye kiboga chini yake, ananifinya sikio. Nikajua kuyatenga hata nikifumba macho. Na yakiiva, bibi alinipa mimi kwanza, kabla ya kaka zangu. Mboga nyingine zote walitangulia wao. Hiyo tu ndiyo nilitangulia mimi, kwa sababu nilichuma mimi." Akameza mate. "Halafu lile ua halina maneno. Linachanua asubuhi, jua likipanda linajifunga. Hakuna anayekuambia ulivae. Na wewe je, yaya?"

Mwasiti alifungua mdomo. Alitafuta kichwani mwake ua ambalo angeliita lake, akapita kwenye mkwaju, kwenye mpamba, kwenye yale meupe ya majini kule Kigwena, akaona yote ameyapita akiwa na mzigo.

"Sijapata nafasi ya kuchagua," alisema.

Aziza alikuwa amekwisha kulala.

Siku chache baadaye wakaja wakata vichaka. Wadachi walikuwa wametoa amri kwamba, kwa kuwa mbung'o wa malale hukaa vivulini kando ya maji, kila kichaka cha pwani kikatwe, na watu wahamie juu vilimani, mbali na ziwa. Tangu asubuhi zilisikika panga na shoka, na moshi ukatanda juu ya maji. Nyapara wa kundi lile aliitwa Radjabu, mtu wa mji ule ule, aliyemjua Amuri na kula kwake mara nyingi. Alisimama mbele ya ukuta wa Aziza, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Amahoro, mama," alisalimu kwa Kirundi. "Huu nao ni kichaka kwa amri yao. Lakini najua mzee anaupenda sana. Naweza kupita kama sijauona. Unipe kibuyu kimoja tu cha mawese kwa ajili ya hawa vijana, basi."

Mwasiti aliutazama mwasumini. Aliukumbuka ulivyokuwa kijiti ndani ya gome la mgomba. Akatazama pia njia ya ziwani.

"Kata," alisema.

"Mama?"

"Umesikia. Kata mpaka kwenye shina, na shina ung'oe. Huyu mwenye dirisha anataka hewa."

Radjabu alisitasita, kisha akawapungia mkono vijana wake. Haikuchukua muda. Mwanga uliingia kwa Aziza ambao haukuingia tangu nyumba ile ijengwe, ukamwangukia usoni akiwa amelala, na Mwasiti akasogeza kitanda ili jua lisimchome. Siku hiyo alishuka ziwani mara chache kuliko siku zote, na jioni alikaa chini akanyoosha miguu.

Amuri aliporudi kutoka Magara, mtumbwi umejaa ndagala, alisimama uani kama aliyepotea nyumba.

"Nani amekata?"

"Watu wa amri. Lakini mimi ndiye niliyewaambia."

"Wewe? Mama Mariyamu, umenifanyia hivi kwa wivu? Mwenzio yuko kitandani hajiwezi, na wewe unalipiza?"

Mwasiti alikuwa akipanga masufuria na vibuyu tayari kwa kuhama. Maneno alikuwa nayo. Nguvu za kuyasema hakuwa nazo.

"Shika upande huo wa kitanda," alimwambia. "Tukimbeba sasa tutafika juu kabla ya giza."

Walihamia vilimani pamoja na wengine. Wenye ardhi walikuwa Warundi wakulima, wakawapa mahali pa kujenga vibanda vya nyasi. Kisima kilikuwa mbali na kuni zilikuwa mbichi. Amuri hakusema na mke wake mkubwa ila kwa lazima. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Aziza aliacha kumeza. Alifariki asubuhi, Mwasiti amemshika mkono, na jirani yao Asiya akisoma Yasini mlangoni.

Mwasiti na Asiya walimwosha. Alikuwa mwepesi mno. Walipokuwa wanatayarisha sanda, Amuri alikohoa nje, akapitisha mkono kwenye pazia. Mkononi mlikuwa na kitambaa, na ndani yake asumini kavu, rangi ya chai, aliyokuwa ameificha sandukuni kwake tangu lini Mungu ndiye ajuaye.

"Umwekee," alisema. "Aende na kitu alichokipenda."

Mwasiti alikishika kile kitambaa. Ilikuwa rahisi kuweka na kunyamaza. Asiya alimkazia macho. Mwasiti akatoka nje, akamrudishia Amuri kitambaa chake.

"Baba Mariyamu, Aziza hakuipenda asumini. Ilimuumiza kichwa. Alinieleza mwenyewe."

Amuri alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Watu walikuwa wamesimama mbali kidogo, chini ya mgomba, wakingoja jeneza.

"Alipenda nini, basi?"

"Ua la boga."

"Liko wapi?"

"Halipo. Mvua ndiyo kwanza imeanza, maboga hayajatoa hata majani."

Amuri alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimepinduliwa pale. Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Na wewe," alisema, bila kuinua uso, "ulileta ule mti kutoka Ujiji. Wewe uliupenda."

"Niliuleta kwa kuwa uliupenda wewe," alisema Mwasiti. "Nipishe, nimalize kumvisha mwenzangu."

Walimzika Aziza kabla ya adhuhuri, bila ua. Watu walikuja na maharage na ndizi, wakakaa tanga, wakatawanyika. Wa mwisho alipoondoka Mwasiti alifagia kibanda, akajimwagia maji, akajilaza kwenye kitanda kilichokuwa cha Aziza kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Alizinduliwa na vidole shingoni. Amuri alikuwa amempigia magoti, anampapasa chini ya masikio na nyuma ya shingo, kama alivyomwona daktari akifanya.

"Mama Mariyamu! Mama Mariyamu, amka! Usinilalie na wewe!"

"Unanishikashika shingo ya nini?"

"Umelala tangu jana. Jua linatua sasa. Nimekuita hukuitika."

Mwasiti alimtazama. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, na machozi yalikuwa yamechora mistari katika vumbi la mashavu. Alimwona amezeeka, na akahisi huruma, lakini huruma yenyewe ilikuwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo.

"Siumwi," alisema. "Nimechoka tu, Baba Mariyamu. Nimechoka tangu siku nyingi. Niache nilale."

"Hujala."

"Basi pika."

Amuri akainuka, akatoka. Mwasiti alimsikia nje akitafuta sufuria, akigonga hiki na kile, halafu akimwita Asiya kwa sauti ya aibu, amuulize maji ya bugali huwekwa kiasi gani. Asiya alicheka, akaanza kumfundisha. Mwasiti akageukia ukutani, akajifunika kanga mpaka kichwani, akalala tena.