Visanduku Vitatu

Kwa mbali ungeapa kwamba mstari umefika ukutani. Mchoraji alipoukuza kwenye skrini, pengo likafunguka kati ya ncha ya mstari na ukuta, jeupe, halina haya. Akasonya mpaka wenzake chumbani wakageuka.

"Shemeji, huu mstari wako unaning'inia hewani."

"Umefika bwana! Mbona mimi nauona?"

Mbona anauona! Huyu ndiye mume wa mdogo wake, mwanamume wa mashati mazuri na kichwa kitupu. Mchoraji mwenyewe, baada ya mdogo wake kumlilia wiki nzima, ndiye aliyemwombea kazi katika ofisi hii ya kuchora ngazi za chuma. Tangu aingie hakuwahi kuuliza swali hata moja. Alikuwa akichora kwa kukadiria tu, kisha anaegemea kiti na kujitazama kwenye simu.

Na sasa mwenye ofisi alikuwa amewapa wote wawili ngazi ile ile waichore, kila mtu kivyake. Atakayemridhisha ndiye atakayekuwa mkuu wa chumba, cheo ambacho mchoraji alikingoja tangu shemeji hajajua kushika kipanya.

Mtu mwenye akili zake angemwacha azame na ngazi yake. Lakini lile pengo lilimwasha machoni, hakuweza kuvumilia.

"Hebu nipishe."

Akakaa, akafungua mahali pa kupangia nukta za kunasa. Loo! Visanduku vyote vilikuwa vitupu. Kumbe muda wote huo bwana mkubwa alikuwa akiunganisha chuma kwa macho! Akatia tiki tatu: ncha, katikati, makutano.

"Sasa mshale ukikaribia ncha ya mstari, unanasa wenyewe. Hata ukisinzia."

"Si ungesema mapema," shemeji akajibu, akipiga miayo.

Mchoraji alirudi kwenye meza yake akicheka moyoni. Hata akiwekewa kila kitu, huyu atachora nini?

Alichora. Mashine ya kukatia chuma ilikata ngazi zote mbili, na vipande vya wote vikashikana barabara. Mwenye ofisi akasimama katikati ya chumba, mikono mfukoni.

"Zote safi. Ila huyu ni mgeni, na ametangulia kumaliza. Ana kipaji. Ndiye mkuu wenu."

"Nilijituma tu, bosi," shemeji alisema.

Mchoraji akamkazia macho, akitafuta japo chembe ya aibu usoni pake. Hakuiona. Mtu huyu hakuwa hata akidanganya. Alikuwa amesahau kabisa. Ikamuuma kuliko uongo. Alikuwa amemdharau kwa nguvu zake zote, na shemeji hata hakuhisi. Aliyeumia ni yeye, na ile dharau yenyewe, iliyomfanya atie zile tiki tatu, ndiyo iliyompa mwenzake cheo.

Mkuu mpya akanunuliwa kompyuta mpya. Haikufika adhuhuri, chumba kizima kikamsikia.

"Shemeji! Mashine hii inanirushia mistari, haishikani. Njoo uiweke kama ile ya zamani."

Magoti ya mchoraji yalikwisha kunyanyuka kabla hajajijua. Akayarudisha chini.

"Nukta za kunasa ziko kwenye mipangilio, mkuu. Tafuta."

"Nitafute wapi?"

"Humo humo."

Nyuma yake kipanya kikabofya, kikatulia, kikabofya tena kwa hasira. Kisha kiti kikasukumwa, viatu vikaelekea ukumbini, na sauti ya mkuu ikasikika ikimnong'oneza mtu kwenye simu, kama ya mtoto anayeshtaki.

Mchoraji akaendelea na mstari wake. Mshale ukaikaribia ncha, ukanasa.

Pembeni ya mkono wake simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Mdogo wake. Akaitazama ikijisogeza polepole kuelekea ukingoni, wala hakuinua mkono.