Saa Sita ya Monsieur Akiseli

Muhigirwa alipomwona mzungu mwenye fimbo ndefu isiyo na faida yoyote, alijua papo hapo kwamba riziki imefika. Alikuwa fundi viatu aliyekimbiwa na wateja, na maishani mwake hakuwahi kuvua hata kambare. Lakini mdomo alikuwa nao. Alimwambia mzungu kwamba yeye ni guide, mwongoza wavuvi, kwamba Ziwa Kivu analijua kama mfuko wa suruali yake, na mzungu, aliyetoka Norwe kuja kutengeneza mabomba ya maji ya Gihundwe, akaamini yote. Ndivyo Gaudiose, aliyelala akiwa mke wa fundi viatu, alivyoamka mke wa guide.

"Guide wa nini?" aliuliza.

"Wa samaki."

"Samaki banapoteaka njia?"

Huo ulikuwa mwaka 2000. Ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu, upande wa Congo, vita vilikuwa havijaamua kama vinaisha au vinaanza upya, na huku Cyangugu kila mtu aliishi sikio moja likisikiliza mizinga. Mzungu mwenyewe aliitwa Aksel, jina ambalo Kamembe nzima iliona halijakamilika, wakamwongezea likawa Akiseli. Siku ya kwanza aliposimama majini, askari wa doria walidhani fimbo yake ni antena. Waliichunguza, wakaipuliza upande mmoja, wakamrudishia wakicheka mpaka bunduki zikawatoka mabegani.

Na ni kweli uvuvi wake ulichekesha. Kwenye ghuba moja chini ya Gihundwe maji ni ya magoti tu, chini yake mchanga, na humo tilapia dume huchimba kiota chake na kukilinda kwa kiburi. Akiseli aliingia polepole huku akirusha hewani uzi mnene wa rangi ya machungwa, mbele na nyuma, mbele na nyuma, utadhani anafukuza pepo. Mwisho wa uzi kulikuwa na ndoano ndogo iliyovishwa manyoya ili samaki adhani ni nzi. Manyoya yenyewe yalitoka kwa jogoo wa Gaudiose, ambaye siku hizo alitembea uani na nyuma tupu, akiona aibu mbele ya kuku. Kazi ya Muhigirwa ilikuwa kusimama nyuma ya bega la mzungu, suruali imekunjwa, na kila akiona kivuli majini amwambie kiko wapi.

Hapo ndipo ilipoingia ile habari ya saa. Kwao Akiseli, guide hasemi kushoto wala kulia. Anasema saa. Jione umesimama katikati ya uso wa saa, alieleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Mbele yako mshale unatazama juu, nyuma yako unatazama chini. Muhigirwa akaitikia kwamba ameelewa. Basi akaona tilapia mkubwa mbele yao kabisa, pale mshale unapotazama juu, na kama mtu yeyote mwenye akili zake akaita, "Saa sita, Patron!"

Wazungu, maskini, huhesabu saa zao kuanzia usiku wa manane. Sita yao ni pale chini, penye kumi na mbili yetu. Akiseli akageuka nyuma upesi, akarusha kwa nguvu zake zote, na nzi akatua kwenye tako la kushoto la guide wake.

Baada ya kung'olewa ndoano, Muhigirwa alikubali kwamba kuanzia siku hiyo, kwa Akiseli, sita itakuwa sita ya kizungu na yasijirudie. Nyumbani alilala kifudifudi wiki nzima akimsimulia mkewe. Gaudiose alicheka mpaka akashika ukuta, na akasahau kisa chenyewe ilipoisha ile wiki.

Alikuwa na mambo yake ya kufikiria. Gaudiose aliuza samaki sokoni Kamembe, na kuuza samaki wa ziwa lile si kazi ya mtu mwenye haya. Tangu mwaka 1994 watu hawakutaka kuwaona. Kila mtu alijua sababu: watu waliouawa walitupwa mle. Sambaza, wale dagaa wadogo, walianza kusamehewa mapema, lakini tilapia mnene mezani aliwafanya wanunuzi wajiulize amenenepa kwa kula nini. Gaudiose aliwarudisha mmoja mmoja, kwa matusi na kwa bembelezo, miaka yote hiyo, mpaka meza yake ikawa na foleni. Ile meza ndiyo iliyowalisha yeye, mtoto wao Ushindi, na guide pia.

Sasa Akiseli alikuwa na tabia moja. Akishampata samaki alimshika kwa mikono miwili, akamtazama usoni kama mchumba, akamrudisha majini taratibu na kumpungia mkono. Wanawake waliokuwa wakifua ufukweni waliona. Siku iliyofuata, Gaudiose alipofika sokoni, maneno yalikuwa yameshafika kabla yake na kukaa kitako.

Aliyeyaleta ni Nyiransabimana, mama mnene mwenye kibanda cha chakula pale darajani Rusizi I, anayewalisha wabeba mizigo wa mpakani. Ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote.

"Maman Ushindi, ule muzungu wenu anarudishaka samaki mu maji juu ya nini?"

"Anachezaka tu."

"Hapana. Muzungu iko na masomo. Kama ile samaki ilikuwa ya kukula, angeikula. Kuko kintu anajua."

Akaenda zake kununua maharage. Wengine wakamfuata, na wiki hiyo Gaudiose alikaa akifukuza nzi wa kweli, wale wasiohitaji manyoya ya mtu. Samaki walioza mbele ya macho yake. Aliona miaka yake yote ya kubembeleza inakwenda na maji, na aliogopa, ingawa kwake hofu ilitoka ikiwa imevaa hasira.

Jumamosi aliteremka ghubani mwenyewe, akaingia majini na kitenge chake.

"Monsieur Akiseli! Weye unakulaka samaki ao haukulaki?"

"Nakula sana, Mama," alisema Akiseli. "Huku nawaachia tu, wapate kukua."

"Basi kesho dimanche unakuja kukula ya kwangu. Hapa hapa ku bord ya maji, mbele ya bantu bote. Saa sita."

"Saa sita," alirudia Akiseli kwa furaha, akainama kwa adabu. Muhigirwa, aliyekuwa akikwamua uzi kwenye matete, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia.

Jumapili Gaudiose alitangaza habari mlangoni mwa kanisa, na baada ya misa watu waliteremka na nguo zao nzuri, nusu wakiwa na njaa na nusu wakitafuta kichekesho. Alikaanga tilapia watatu, wakubwa wenye ngozi ya kukauka vizuri, akamwaga nyanya na pilipili juu, akasonga bugali. Kiti cha mzungu kiliwekwa kivulini. Jua likasimama utosini. Watu wakatazama njia, wakatazama sahani, wakatazamana.

Muhigirwa alitumwa barabarani, akarudi peke yake. Halafu akasimama ghafla, mkono ukaenda wenyewe kwenye tako la kushoto.

"Maman Ushindi," alisema kwa sauti ya chini, "sita yake ni ya mangaribi."

"Unasema nini?"

Ikabidi aeleze mbele ya parokia nzima, kuanzia uso wa saa hadi mahali nzi alipotua. Hakuna aliyeamini hata neno. Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kuagana, na wengine walishaanza kukung'uta nguo.

Nyiransabimana hakucheka. "Bon. Muzungu amekimbia. Lakini weye, Maman Ushindi, miaka yote unatuuzishiaka. Nani amekuonaka ukikula?"

Gaudiose alipitisha macho kwa watu akitafuta shahidi mmoja. Hakumpata.

Maana hakuwahi kula. Nyumbani alikuwa na hadithi ya tumbo, kwamba tumbo lake halipatani na samaki, na Muhigirwa aliimeza hadithi hiyo kama alivyomeza nyingine zote. Ukweli ulikuwa mwingine. Gaudiose alilelewa Bukavu, na mama yake, Mukagasana, alikuwa mla samaki asiye na mfano. Kila mara alianza na kichwa. Alinyonya macho kwa kelele mpaka wageni waone aibu, na mtoto aliyeacha kichwa sahanini alipigwa kofi. Wiki ya Pasaka ya mwaka ule wa 1994 alivuka daraja kuja Cyangugu kumsalimia dada yake. Hakuvuka tena. Waliosalia walisema yeye na dada yake walipelekwa ufukweni pamoja na wengine.

Kwa hiyo Gaudiose aliuza. Kula hakuweza. Kila tilapia aliyempasua tumbo alimpasua akitazama pembeni.

Sasa alitazama sahani, akaona kwamba akikataa meza imekwisha, na akaona pia kwamba akila atakuwa amefanya kitu ambacho hakina jina. Alimkasirikia Nyiransabimana, akamkasirikia mzungu na saa yake. Zaidi ya wote alimkasirikia mama yake, kwa kwenda kusalimia watu wiki ile.

Aliketi kwenye kiti cha mzungu. Akamkata samaki kichwa kwa mkono, akakiinua mdomoni, akanyonya jicho kwa kelele iliyosikika hadi kwenye matete.

Samaki alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa ametarajia kutapika, na badala yake ulimi wake ukafurahi kama mbwa aliyemwona bwana wake. Akanyonya jicho la pili. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke kwenye mchuzi.

"Ni pilipili," alisema Muhigirwa kwa haraka, akiwatazama watu.

"Haiko pilipili," alisema Gaudiose, mdomo umejaa. "Ni Maman yangu. Iko mule mu maji, munajua bote, na mimi minajua. Alipendaka samaki kupita bote. Kama samaki ilimukula, basi ilikula mwenzake. Na kama ananiona sasa, atanipiga kofi juu ya chumvi kidogo."

Mtu mmoja alicheka, akashtuka, akaziba mdomo. Halafu Gaudiose mwenyewe akacheka, mwiba ukiwa kati ya meno, na kicheko kikachanganyika na kilio mpaka isijulikane kipi ni kipi. Wengi pale walikuwa na watu wao majini. Hakuna aliyeondoka.

Nyiransabimana alikuja polepole, akakunja kitenge, akaketi chini kwenye mchanga kwa kishindo. Na yeye alikuwa na wawili mle, mume na kaka, na hakuwahi kuwataja sokoni.

"Nipe mukia," alisema. "Kichwa sitaweza leo."

Gaudiose akampa mkia. Baada ya hapo mikono ikawa mingi.

Jua lilipokuwa linaelekea milima ya Congo, mshale wa saa ukitazama chini kabisa, Akiseli aliteremka njia akiwa na shati jeupe na nywele zilizolowekwa maji. Alikuta majivu, miiba, na wanawake wawili wakiosha sufuria. Uso wake ukaanguka.

"Nimechelewa, Mama?"

"Ku saa ya nani?" aliuliza Gaudiose, akamfunulia sahani aliyoiweka kando. Kulikuwa na kichwa kimoja cha tilapia, macho yote mawili mahali pake. Akamvutia kiti, akamgeuza atazame ziwani.

"Anza na macho," alimwambia. "Na unyonye kwa kelele, Maman yangu asikie."