Vikombe Vitatu Kabla ya Mizani

Mimi Nyiramana sipendi kuonewa huruma, nasema mapema. Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, nilikuwa mke wa mwenye ng'ombe. Mtoto akikonda, aibu ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo Jumanne ile ya ukame, kabla ya kumpeleka mjukuu wangu Olga kupimwa uzito kwenye kliniki ya Base Camp, hapa kambini kwetu wakimbizi, nilimnywesha maji na uji mwepesi, vikombe vitatu, mpaka tumbo likawa ngoma.

Mizani ikatupendelea. Nesi Zaharah, binti wa Mbarara, akatabasamu: "Mama, hii mtoto amepona. Pakiti tunasimamisha." Pakiti ndizo zile za karanga tamu wanazopewa watoto waliokonda. Nikatoka kifua mbele. Mjinga mimi!

Baada ya hapo siku hazikuwa na kingo. Vumbi lilitanda mpaka ziwani, jua likaelea ndani yake, na Olga akalala mchana kutwa akitabasamia kitu nisichokiona. Nikisinzia kando yake, niliwaona ng'ombe wetu wakipita mlangoni kimyakimya, viwele vimejaa, nikiwaita kwa majina wasigeuke. Siku ya kumi na mbili nilimwinua Olga, mikono yangu ikawa kama haijabeba kitu. Nikaogopa, jamani, nikaogopa sana.

Kliniki foleni ilikuwa ndefu. Zaharah akaangalia kadi. "Lakini hapa naona alipona. Nini imetokea?"

Ningeweza kusema ni homa. Wanawake wote walikuwa wametega masikio, na Pélagie, jirani yangu mwenye mdomo, alikuwa wa kwanza.

"Nilimujaza maji," nikasema kwa sauti. "Niliona haya. Kwangu hamuna chakula, mwanangu. Mutoto anakufa juu ya kiburi yangu."

Zaharah hakunigombeza. Alipiga simu, gari la wagonjwa likaja. Pélagie akafungua kitenge chake cha mabegani akamfunika Olga. Njia nzima ya kwenda Mbarara nilisikiliza pumzi za mtoto.

Hospitalini walimpa maziwa kwa mrija puani siku tatu, maana hata hamu ya kula ilikuwa imemtoka. Siku ya nne, wodi imejaa wageni, Olga alifumbua macho akapaza sauti: "Nyanya, njaa! Nasikia njaa!"

Watu wote wakageuka. Nikasimama na magoti yangu mabovu, machozi yananitiririka, nikapiga kelele wodi nzima isikie:

"Mumesikia? Mujukuu wangu ana njaa!"