Aliyepita Getini

Unai alifika Manzese na begi moja na goti bovu. Mhispania, miaka ishirini na mbili. Klabu ya ligi iliyomleta Dar ilivunja mkataba goti lilipovimba kama embe dodo, naye badala ya kurudi kwao akapanga chumba uani kwa Bi Mwanakombo, akawa straika wa Kombora, timu ya mtaa. Alicheza miezi saba, akafunga mabao kumi na tisa. Kila mwenye binti akamwita mkwe.

Badru, beki na nahodha, ndiye aliyemfundisha Kiswahili na kula dagaa bila kutupa vichwa. Ndiye pia aliyemkanda goti kwa maji ya moto na chumvi.

Fainali ikapangwa Temeke, nyumbani kwa wapinzani wao, uwanja wenye ukuta. Ya fainali yanajulikana: timu ngeni haipiti getini. Kilichofukiwa pale na wenyeji hakuna aliyekiona, ila hakuna anayetaka kukikanyaga. Wachezaji huruka ukuta. Wazee wa timu walimwagiza Badru awahesabu wakiruka, wa mwisho awe yeye.

Wenzao wote wakaruka. Unai akautazama ule ukuta, akashika goti.

"Kaka Badru, nikiruka hapa, leo sichezi."

Badru akageuka kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu. Akamvika kofia, akamwambia apite getini upesi, asimwambie yeyote. Yeye mwenyewe akaruka ukuta.

Dakika ya themanini na nane, mabao yakiwa moja kwa moja, Kombora wakapata penalti. Unai akakimbilia mpira, goti likamkatika, mpira ukapaa mpaka kwenye paa la kibanda cha chipsi. Kabla uchungu haujaisha, Temeke wakafunga la pili. Firimbi.

Shabiki mmoja wa Temeke akapita mbele ya watu wa Manzese akicheka.

"Ahsanteni, wakwe. Kijana wenu kaja kwa adabu, kapita mlango wa mbele."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wa kwanza kumpiga Unai alikuwa Nurdin, golikipa, aliyekuwa akila naye sinia moja. Teke la gotini. Unai akaanguka, wakamjaa. Wakampiga kwa viatu vya njumu, kwa miguu ya benchi, kwa mawe, wakimuuliza ni nani aliyemnunua. Damu ikamtoka puani na masikioni, jezi ikabadilika rangi. Aliinua uso akamtafuta Badru, akamwona. Kiswahili cha kujiokoa alikuwa nacho, Badru ndiye aliyempa. Hakukitumia. Akainamisha uso.

Badru alisimama hatua kumi kutoka pale. Akajiambia watachoka sasa hivi. Hawakuchoka. Mtu akaja na tofali, akaliinua kwa mikono miwili, likashuka kichwani kwa Unai.

"Ni mie," Badru akasema. Wachache walisikia. Akawaparamia, akasema tena: "Mie ndiye niliyempitisha getini."

Wakamgeukia. Walimvunja mkono wa kulia na meno manne, kisha wakatawanyika, mmoja mmoja, wakijipangusa.

Kwenye bajaji kichwa cha Unai kilikuwa mapajani kwa Badru, kimelainika upande mmoja kama tunda lililoanguka. Akauliza kama penalti imeingia. Badru hakuweza kusema kwa ule mdomo, akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Hawakufika hospitali wakiwa wawili.

Mwaka uliofuata Kombora wakarudi fainali uwanja uleule. Badru hachezi tena, mkono umepinda, anabeba maji. Vijana wakaruka ukuta. Nurdin, akiwa juu, akamnyooshea mkono amvute, akisema, "Njoo, braza, usituletee mkosi tena."

Badru akautazama ule mkono. Kisha akachukua ndoo yake, akazunguka, akapita getini, katikati kabisa, taratibu, akikanyaga kwa kisigino.