Albamu ya Pili ya Miavuli Ilivyopokelewa

Nazareno Bertolotti alikuwa na miaka ishirini na saba, picha yake imebandikwa vyumbani mwa wasichana nusu ya Argentina, na bado pale Paraná, mji wa kwao, palikuwa na mtu mmoja ambaye hajawahi kusikiliza wimbo wake hata mmoja mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo alikuwa baba yake mzazi.

Si kwamba Don Ovidio, fundi makufuli mstaafu, aliuchukia muziki. Albamu ya kwanza ya Miavuli, bendi ya mwanawe, ilipotoka, ile yenye "Nipigie Jumanne", aliisikia nusu dakika kwenye redio ya jirani, akatikisa kichwa. "Muziki wa kuuzia shampuu," akasema, kisha akarudi kwenye mambo ya maana, yaani Barranca. Hiyo ndiyo timu yake ya mpira. Miaka arobaini alikaa ngazi ile ile ya saruji uwanjani, akiitukana kila Jumapili kwa mapenzi ambayo mwanawe hakuyaonja hata sikukuu ya kuzaliwa.

Neno lile, shampuu, lilimkwama Nazareno kooni kama mwiba wa samaki. Mwaka 1996 bendi ilipoingia studio kurekodi albamu ya pili, aliapa kwamba safari hii mzee atanyoosha mikono. Kwa bahati mbaya, mhakiki mmoja wa Buenos Aires alikuwa ameandika kwamba viitikio vya Miavuli ni peremende za bei rahisi, na Nazareno, kichwa kikubwa kama alivyo, akaamini. Akafuta viitikio vyote. Akaleta wapiga fidla kumi na wanne. Akaleta kengele ya kanisa. Akatunga wimbo wa dakika tisa juu ya mvua, na mvua yenyewe hainyeshi mpaka dakika ya saba.

Ludmila, mpiga ngoma wao, mwanamke asiyemeza maneno, alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika vijiti vyake mkononi.

"Kaka, sasa mimi hapa napiga wapi?"

"Hupigi. Unakaa kimya. Kimya chako ndicho kinachozungumza."

"Basi kimya changu kiende ziara, mimi nibaki nyumbani nipike."

Wimbo mmoja tu uliponea chupuchupu. Uliitwa "Mabegani", na Nazareno aliutunga kwa ajili ya baba yake. Kiitikio chake alijaribu kukiondoa mara tatu, kikagoma:

*Mabegani, mabegani, ndipo nilipoiona dunia,
ukasema nyamaza, babako nipo, huna la kulia.*

Aliuweka mwisho kabisa, baada ya mvua, ambako alijua watu wachache watafika.

Jamani, ilivyopokelewa! Mhakiki yule yule wa peremende aliandika kwamba Miavuli wamepoteza kipaji chao pekee, yaani viitikio. Gazeti jingine liliisifu kuwa albamu ya kuheshimiwa kwa mbali. Wasichana walibandua picha. Pale Córdoba, walipofika katikati ya wimbo wa mvua, ukumbi mzima ulianza kupiga mayowe ya "Jumanne! Jumanne!" na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Yote hayo Nazareno aliyameza. Lakini kaseti ya kwanza kabisa kutoka kiwandani alimpelekea baba yake, kwa mkono wake mwenyewe, siku ya tambi za Jumapili. Mzee aliigeuza huku na huku, akasema ahsante, tena kwa adabu. Jumapili iliyofuata Nazareno aliikuta chini ya mguu mfupi wa meza ya redio. Ilikuwa imeenea pale kama imepimwa.

"Meza ilikuwa inanitikisia mpira," mzee akaeleza. "Sasa imetulia. Kazi nzuri."

Nazareno akatabasamu. Aliumia, aliumia sana.

Mwezi wa Oktoba Barranca ikawakaribisha watani wao wa jadi, Molinera. Barranca ilikuwa inachungulia kaburi. Ikifungwa siku ile, inashuka daraja. Nazareno alikuwa na onyesho Santa Fe, akawa anafuatilia mpira kwenye redio ya gari, Ludmila ameshika usukani. Dakika ya themanini Molinera wakafunga. Mtangazaji akanyamaza kidogo, na nyuma yake mashabiki elfu nne wa Molinera wakaanza kuimba kwa ngoma kubwa na tarumbeta:

*Mtashuka, mtashuka, Barranca daraja linawangoja,
leteni leso, leteni ndoo, machozi hayatoshi kikombe kimoja!*

Ludmila akafunga breki katikati ya barabara.

"Nazareno, huo si 'Mabegani'?"

Nazareno alikuwa ameshika kichwa. Kila mtu anajua mashabiki wa mpira hutoa wapi nyimbo zao: wanachukua sauti ya wimbo wa redioni, wanatupa maneno, wanatia matusi. Kwa mwanamuziki hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Wapo waliouza rekodi milioni na hawajaimbwa uwanjani hata siku moja. Sasa yeye kaimbwa, tena na watu elfu nne, tena na Molinera, tena kwa kuizika timu ya baba yake mbele ya baba yake.

"Hongera," Ludmila akasema. "Na ngoma wameweka. Sikia inavyopendeza ikiwekwa ngoma."

"Ludmila, nakuomba."

"Nasema tu."

Siku mbili Nazareno hakutia mguu kwa mzee. Ya tatu akaenda, adhuhuri. Don Ovidio alikuwa jikoni peke yake, kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani, mkononi, macho mekundu. Barranca ilikuwa imeshuka kweli. Hata salamu hakuijibu vizuri. Nazareno akavuta kiti. Ndipo akasikia: mzee, huku akimimina maji ya moto kibuyuni, alikuwa akiuvumisha puani. Ule ule. Noti kwa noti.

Don Ovidio akajishtukia, akaacha.

"Mbwa hawa wa Molinera," akasema. "Wameniharibia usingizi. Nikila naimba, nikinyoa naimba, jana nimejikata shavu. Sikiliza nikwambie, mwanangu, na usiende kunisema: yule aliyeitunga sauti ile ni shetani, lakini anajua kazi. Huo ndio muziki. Si vile vya kwenu vya shampuu."

Nazareno alikaa akimtazama. Sifa aliyoililia tangu ana gitaa la kuazima, hiyo hapo mezani, ina moshi. Anyamaze, aondoke nayo kimyakimya? Au aseme, mzee ajue kwamba risasi iliyoiua Barranca ilitengenezwa nyumbani mwake?

"Mzee," akasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

Alipiga magoti, akaichomoa kaseti chini ya mguu wa meza. Redio ikainama, kibuyu kikaanguka, majani yakatapakaa. Jalada lilikuwa limepasuka ila utepe mzima. Akaitia redioni, akaipeleka hadi wimbo wa mwisho.

Don Ovidio alisikiliza amesimama, mkono mmoja ameushikiza meza isipepesuke. Alisikiliza fidla zote kumi na nne. Kiitikio kilipofika, uso ukambadilika, na mkono wake wa pili ukapanda taratibu hadi begani, ukabaki pale. Alisikiliza hadi kengele ya kanisa ya mwisho.

"Nikikubeba ulikuwa mzito kweli," mzee akasema hatimaye. "Na siku ile ya penalti ulinikojolea shingoni."

"Hilo sikuliweka."

"Ungeliweka. Fidla za nini?" Akajipangusa uso kwa kitambaa cha vyombo, akajitia anapangusa jasho. "Ila maneno yao ni makali kuliko yako. Hilo nalo niseme?"

"Sema tu, mzee."

"Makali mara kumi. Kikombe kimoja! Wanaharamu." Akaketi, akaivuta redio karibu. "Hebu rudisha nyuma."

Nazareno akarudisha. Kidole kilipogusa kitufe, mzee akamshika mkono.

"Funga dirisha kwanza."

Nazareno akalifunga. Fidla zikaanza, na Don Ovidio Bertolotti, miaka arobaini ngazi ile ile, akafumba macho, akapiga meza kwa ngumi mahali pale ambapo ngoma ilipaswa kuwapo, akaimba na mwanawe wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, kwa maneno ya Molinera.