Ongeza Nane

Mizani ya zahanati yetu ilikatika springi mwezi wa pili mwaka 1975, miezi mitano baada ya watu kuhamishiwa kijiji kipya, na mpaka naondoka pale haikuletwa nyingine. Niliandika barua tatu Musoma. Ya tatu ilijibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa.

Kwa hiyo nikaazima mizani ya pamba. Zahanati ilikuwa chumba cha mwisho cha ghala la chama cha ushirika, na mizani ilikaa upande wa pili wa ukuta, bamba la chuma la kukanyaga na mkono wa shaba wenye tarakimu. Karani wake alikuwa Masatu, kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Kila Alhamisi asubuhi wajawazito walipanga foleni, Masatu akasogeza jiwe kwenye mkono wa shaba, mimi nikajaza kadi.

Wanawake hawakuipenda.

"Nesi, hii mizani inakulaga," aliniambia Mama Boke, mkunga wa jadi, aliyezalisha nusu ya kijiji kabla sijazaliwa. "Wazee wanaleta gunia limeshiba, hapa linatoka limekonda."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nimezaliwa Bukima, kwetu samaki hupimwa kwa macho na kwa ugomvi, na nilikuwa nimejifunza kwa taabu kuamini chuma na wino. Nikamjibu kwamba mizani ya serikali haina mdomo, itakulaje? Siku ile jibu hilo lilinipendeza sana.

Zile kilo zilikuwa na kazi. Mama akinenepa kupita kiasi, mtoto anaweza kuwa mkubwa kuliko njia, presha inapanda, na akishajifungua damu inakawia kukata. Daktari wetu wa Musoma alituwekea mpaka: aliyefika kilo themanini katika mwezi wa nane asizalie kijijini, aende Musoma akasubirie huko. Aliye chini ya hapo nimzalishe mimi. Wasiofika hamsini niliwapa maziwa ya unga, na nilishangaa walivyokuwa wengi, wengine wana mashavu.

Kwenda Musoma hakuna aliyekutaka. Nani angekamua ng'ombe, nani angechuma pamba? Ndiyo maana nilipomwita Dorotea, mke wa Masatu mwenyewe, mimba ya tatu, mwezi wa nane, alipanda ile mizani akiwa amekunja uso. Alikuwa amenenepa sana tangu mtoto wa pili, na mumewe alitembea kifua mbele kwa ajili hiyo. Kwa wafugaji wale mke mnene ni sifa ya mume, anaonyesha kwamba maziwa yapo nyumbani.

"Sabini na nane," Masatu akasema, haraka kidogo.

Nikamtazama Dorotea, nikautazama mkono wa shaba. Macho yangu hayakukubali, lakini macho hayaandikwi kwenye kadi.

"Mizani imesema, nesi," Dorotea akashuka akicheka. "Musoma nifuate nini, na pamba inaanguka shambani?"

Nikaandika sabini na nane.

Uchungu ulimshika siku ya Ijumaa jioni, mwezi Julai, ununuzi wa pamba umepamba moto. Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa bado kitandani kwangu, miguu imevimba, kichwa cha mtoto hakijashuka hata kidogo. Nje lori lilikuwa likipakia pamba kwenda kiwandani Bunda. Jingine lingekuja Jumatano. Dereva, Eliasi, hakubali mgonjwa bila barua yangu, kwa sababu aliwahi kufiwa na mtu njiani akalala kituoni siku mbili akijieleza.

Na barua sikuwa nimeiandika. Dorotea alikuwa amezaa mara mbili bila shida, na kadi yake ilikuwa chini ya mpaka. Mwezi uliopita nilimpeleka Musoma mama wa kilo sabini na sita, kwa wasiwasi wangu tu, akazaa mlangoni, na barua ikarudishwa kwangu ina wino mwekundu. Nikamwambia Masatu tusubiri mpaka mchana.

Alisimama mlangoni. Nyuma yake wakulima kama arobaini walikaa juu ya mizigo yao, wakingoja karani arudi kwenye mizani.

"Andika tu, nesi."

"Niandike nini? Kilo zake ziko chini."

Akaniinamia sikioni. "Ongeza nane."

Mimi sina sauti ya kunong'ona, na usiku ule sikuwa nimelala. "Nane gani? Sema nisikie!"

Foleni nzima ikageuka. Masatu akawatazama wale wakulima, akamtazama mkewe, aliyekuwa ameuma upindo wa kanga na macho ameyafumba. Nilimwona anapiga hesabu yake. Haikumchukua muda.

"Mizani inapunguza kilo nane," akasema, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lori. "Kila mzigo. Nimeitegesha mimi. Dorotea ana themanini na sita. Andika barua."

Niliandika. Wakulima wale nitawasifu mpaka nife: kwanza walishusha mizigo miwili, wakampandisha Dorotea juu ya pamba yao, ndipo wakamkamata Masatu.

Nilikwenda na Dorotea. Bunda tulibadilisha gari, na Musoma walimpasua saa kumi jioni. Mtoto wa kike, kilo nne na nusu, akalia mara moja kwa ukali. Dorotea alipozinduka aliuliza mumewe yuko wapi, nami nikamwambia ukweli, kwamba yuko polisi. Kisha nikatoka kwenye baraza ya hospitali nikalia, na sioni aibu kusema.

Jumatatu nilirudi kijijini. Ghala lilijaa watu wenye risiti, kila mmoja akidai kilo zake. Mimi nilijifungia na kadi na kalamu nyekundu, nikaongeza nane kila mahali. Wanawake saba walivuka mpaka. Nilituma waitwe siku ileile.

Aliyekuja wa kwanza hakuwa mwanamke. Alikuwa Magige, mkulima aliyekuwa kwenye foleni ya Jumamosi. Hakuwa na risiti mkononi. Mwezi Mei mkewe, Wankyo, alijifungua mtoto mkubwa mikononi mwangu, damu ikakataa kukata, akafa kabla jua halijapanda. Mtoto alikuwa kwa bibi yake.

Magige alivua kofia.

"Nesi, Wankyo alikuwaga na kilo ngapi?"

Kadi yake haikuwa mezani. Ilikuwa ndani ya droo, na sikuhitaji kuifungua. Ningeweza kusema nimesahau, na angeniamini.

"Sabini na tano," nikasema.

Magige hakusoma, lakini aliuza pamba miaka ishirini. Nikaona midomo yake inajumlisha.

"Kwa hiyo wangempeleka Musoma."

"Ndiyo, baba," nikasema. "Mwezi Aprili ningempeleka."